Mahari ya Kibanja

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la chumba cha mama, jambo ambalo msichana aliyelelewa na masista wa Kashozi hapaswi kulifanya, na nililifanya bila haya. Niambieni ni msichana gani angekaa jikoni akichambua maharage wakati sebuleni watu wanaamua kama ataolewa au haolewi.

Upenyo wa pazia ulitosha jicho moja tu. Kwa jicho hilo nilimwona Buberwa wangu. Alikuwa amevaa shati jeupe nililomshonea mwenyewe kule Bukoba mjini, na amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kila alipogeuka kutazama upande wa pazia nilihisi joto likinipanda shingoni, maana alijua nipo. Kwa muda mrefu tulikuwa tumependana kwa kuibia. Jumamosi yeye alitoka Maruku, alikofanya kazi kwenye vitalu vya miche ya kahawa, nami nikafunga cherehani yangu mapema, tukatembea ufukweni tukizungumza hadi midomo ikachoka. Leo alikuwa amekuja nyumbani kwetu Kamachumu mchana kweupe, pamoja na baba yake na mshenga wao, kuniposa.

"Nyegera waitu, karibuni," baba aliwaambia. "Ndyamukama, kiti kile pale ni chako."

Mzee Ndyamukama, baba yake Buberwa, alikitazama kile kiti. Kisha akapita kando yake, akaenda kuketi chini kwenye nyasi zilizotandazwa, karibu na mlango, na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi waliyokuja nayo kwa posa, akakiweka mbele ya miguu ya baba yangu.

Hapo mlangoni ndipo alipokuwa akikaa zamani, na hivyo ndivyo alivyokuwa akikiweka kibuyu.

Niwaeleze, maana si kila mtu ametoka kwetu. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kibanja kikubwa cha migomba na kahawa, ambacho babu yangu alipewa na Mukama, mfalme wetu wa enzi hizo. Sisi tuliita mpango huo nyarubanja: shamba lilikuwa letu, lakini aliyelima na kuishi humo alikuwa Mzee Ndyamukama. Kila alipopika pombe, kibuyu cha kwanza kilikuja kwetu. Kila mkungu wa ndizi uliopendeza ulikuja kwetu. Alikuwa akipita mlango ule ule, anakaa chini pale pale, anamwita baba yangu bwana mkubwa. Baada ya Uhuru serikali ikafuta nyarubanja, kibanja kikawa mali ya aliyekilima. Tangu siku hiyo baba yangu, Mzee Karugendo, hakukanyaga ng'ambo ya bonde. Hata kanisani alikwenda kwa njia ya kuzunguka.

Na sasa yule mzee aliyepewa shamba letu alikuwa amekuja kumwombea mwanawe binti yetu, na miguu yake ilikuwa imempeleka palepale ilipozoea.

"Tata, kaa kitini," Buberwa alisema kwa sauti ya chini.

"Hapa pananitosha, mwanangu."

"Tata, tafadhali."

Datius, mshenga wao, alikuwa mtu wa maneno mengi, akaona heri aanze kuyamwaga kabla mambo hayajaharibika zaidi. Akasifu nyumba, akasifu kahawa iliyoanikwa uani, akamsifu mama yangu Theopista kwa malezi, akasema wameona ua limechanua katika boma hili nao wamekuja kuliomba. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Hakukigusa kibuyu.

"Datius, umesema vizuri," alisema. "Sasa mimi nitasema kwa kifupi. Sitaki ng'ombe. Sitaki mbuzi, sitaki blanketi wala majembe. Mahari ya Alistidia ni kibanja changu. Nirudishieni kibanja changu, mchukueni hata leo."

Mimi nililishika pazia kwa mikono miwili, nusura ling'oke.

"Mzee, hayo si mahari," Datius alisema.

"Kwa nini si mahari? Mahari ni kile anachotaja baba wa binti."

Buberwa alisimama. Nilimjua akiwa na hasira: hapandishi sauti, anaishusha. "Mzee wangu, kwa heshima yako yote. Baba yangu amekilima kibanja kile zaidi ya miaka thelathini. Alikikuta kimechakaa. Kila jani la mgomba lililooza kwenye udongo ule, amelilaza yeye. Samadi ameibeba yeye na marehemu mama."

"Na mimi nilimlaza njaa? Nilimpiga?" baba aliuliza. "Kijana, unafikiri baba yangu aliokota lile shamba njiani? Alitumika kwa Mukama ujana wake wote, hadi mgongo ukapinda. Lile lilikuwa tuzo lake. Nasikia siku hizi tunaimba kila mtu ale jasho lake. Sawa! Jasho la baba yangu limekwenda wapi? Lake halikuwa jasho, lilikuwa maji ya mvua?"

"Jasho la baba yako yeye mwenyewe amelila, na wewe umelila, na watoto wako wamesomeshwa nalo," Buberwa alijibu. "La baba yangu ni lini ataanza kulila?"

Nataka niseme kweli: wote wawili walinigusa. Nilikumbuka mgongo wa babu. Nilikumbuka pia mikono ya Mzee Ndyamukama alipokuwa akitua mkungu wa ndizi mlangoni petu, na sisi watoto tukikimbilia ndizi bila hata kumwamkia. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka upande wa pili, aliinamisha uso.

Ndipo Mzee Ndyamukama aliposema, kutoka kule chini. "Ego, waitu, ndiyo. Kichukue."

"Tata!"

"Nyamaza, Buberwa. Mimi nimezeeka. Nitakufa na kibanja, kitanifaa nini? Wewe unampenda huyu binti, hulali. Nakusikia usiku unavyojigeuza." Akamtazama baba yangu. "Kichukue, bwana mkubwa. Jua bado lipo. Twende tukazungushe mipaka sasa hivi mbele ya hawa watu, mambo yaishe."

"Mimi sikubali," Buberwa alisema. "Kama bei ndiyo hiyo, simuoi."

Akatoka nje.

Simuoi. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili. Sikumbuki nilivyotoka chumbani. Nakumbuka tu kwamba nilipita mlango wa nyuma nikamkuta kando ya jiko, amesimama na mkono ukutani.

"Kumbe nimeshindanishwa na migomba," nilimwambia, "na migomba imeshinda."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na ingawa nilikuwa na hasira bado nilitamani kumfuta uso kwa khanga yangu. "Alistidia, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Umesema mbele ya wazazi wangu kwamba hunioi. Baba yako amekubali, baba yangu amekubali, wewe peke yako ndiye umekataa. Kwani nani alikuwa anakuja kuniposa, Datius?"

"Kingekuwa changu ningekitoa kabla baba yako hajafunga mdomo. Ningekitoa na shati hili juu yake. Lakini si changu. Kibanja ni cha tata."

"Tata wako amekitoa!"

"Tata wangu hajawahi kukataa kitu mbele ya baba yako maishani mwake. Umemwona alipoketi? Umeona alivyokiweka kibuyu? Yule hakutoa, Alistidia. Yule alinyang'anywa, tena akasema asante." Akaondoa mkono ukutani. "Nikimwacha atoke pale awe mzee asiye na pa kulala, ili mimi nilale na mke, nitakutazamaje usoni? Ungenipenda?"

Hakuna kitu kinachoudhi kama mwanamume unayempenda kuwa na haki wakati wewe umejiandaa kumtukana. Nikabaki namtazama, naye ananitazama, pakiwa na hatua moja tu kati yetu, na hakuna aliyethubutu kuivuka.

"Nisingekupenda," nilisema mwishowe. Nikaanza kulia kwa sababu nilikuwa nimejihukumu mwenyewe.

Sauti ya mama ilitufikia kutoka mbele ya nyumba. "Alistidia! Baba yako ameshika fimbo yake. Wanakwenda!"

Walikuwa wameshaanza kuteremka bondeni: baba mbele na kofia yake ya Jumapili, Mzee Ndyamukama nyuma yake, Datius akihangaika katikati. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia bado ilikuwa na utelezi. Nilijifuta macho, nikawakimbilia, nikampita mzee na hata Datius, nikafika ubavuni mwa baba.

"Tata, nina neno."

"Rudi nyumbani. Msichana anayeposwa hafuati mahari yake njiani."

"Ukikipokea kibanja hiki, siolewi na Buberwa. Wala na mwingine."

Alisimama. "Unanitisha?"

"Sikutishi. Nakuuliza. Ukishawaondoa mle, utanioza wapi? Nitapika katika nyumba gani? Nitamwamkiaje mkwe ambaye mimi ndiye nimemtoa kwake? Atakuwa akiniangalia kila asubuhi anaona migomba yake."

"Watapata mahali. Siku hizi serikali inagawa ardhi kule kwenye mbuga za nyasi, wanaanzisha vijiji."

"Kwenye nyasi hakuna mgomba hata mmoja, Tata. Kwa uzee ule aanze upya?"

Nilimwona akiuma mdomo wake wa chini, na baba yangu akiuma mdomo si hasira, ni kitu kingine ambacho sikuwa nimekielewa bado. Akaendelea kutembea.

Tulifika kwenye milamula, ile miti inayopandwa kwetu kuonyesha mpaka. Buberwa alikuwa ametufuata akiwa nyuma kabisa, mikono mifukoni. Mama naye alikuja, kwa sababu alijua nikilia hakuna mwingine wa kuninyamazisha. Mzee Ndyamukama akatangulia.

"Mpaka unaanzia hapa," alisema, "unashuka hadi kwenye ule mti wa mwesi, halafu..."

"Kwanza nipeleke kule juu," baba alimkatiza.

"Juu wapi, bwana mkubwa?"

"Unajua ni wapi."

Mzee aligeuka, akatuongoza katikati ya shamba. Migomba ilikuwa minene, mikungu imetegemezwa kwa miti, na nyasi zilizotandazwa chini zilikuwa nyingi hata nyayo zetu hazikusikika. Nilianza kupatambua. Zamani palikuwa na nyumba ya msonge hapa, na aliyekaa humo alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Baada ya babu kufariki bibi alikataa kabisa kukaa nasi chini ya bati. Alisema bati linapiga kelele mvua ikinyesha. Akahamia huku kwenye kibanja, akawa jirani wa Mzee Ndyamukama na mkewe, na huku ndiko alikofia na kuzikwa. Hata mwaka haukupita sheria ikabadilika.

Baba alikuwa akitembea polepole sasa. Tulipokaribia alishusha macho chini, kama mtu anayeogopa kuona. Nami nikaelewa, na kuelewa huko kulinichoma. Miaka yote ile tulidhani anaomboleza kahawa.

Makaburi yalikuwa mawili, bega kwa bega. Misalaba yote miwili ilikuwa imepakwa chokaa. Majani yalikuwa yametandazwa mapya kuyazunguka, na katikati palikuwa na maua mekundu, yale wanayoyapanda masista. Hakukuwa na mbuni wa kahawa hata mmoja karibu.

Baba alivua kofia.

"Waliniambia mmepanda kahawa juu yake," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sijawahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo. "Pale sokoni waliniambia, Ndyamukama amejaza kahawa kila mahali, hata pale."

"Nani alikwambia?" Mzee Ndyamukama alishangaa. "Nipande kahawa juu ya mama? Mke wangu alipokuwa akijifungua Buberwa, ni mama yako aliyemshika. Mke wangu alipokuwa akifa aliniambia, nilaze karibu na bibi. Ndiye huyu hapa, Benigna wangu, pembeni yake. Kila mwaka siku ya marehemu naweka majani, nasema leo Karugendo atakuja."

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa unapita mbali, waitu. Ulikuwa unazunguka hata kanisani. Nikajua hutaki kuniona. Na mimi nani wa kukuita?"

"Na mimi je?" baba alisema. "Nije kwa mama yangu huku napiga hodi? Niombe ruhusa kwa..." Hakumalizia.

"Kwa mtu aliyekuwa akikaa mlangoni pako," Mzee Ndyamukama alimalizia, taratibu, bila uchungu.

Baba alipiga magoti. Fimbo yake ilianguka kando na hakuna aliyeiokota. Mama alianza sala ya marehemu, sote tukaitikia, na Datius, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuongeza neno lake. Nilipofumbua macho nilikuta Buberwa amesogea, amesimama karibu nami. Kidole chake kidogo kiligusa changu ndani ya mikunjo ya khanga. Hakukiondoa, wala mimi sikukiondoa changu.

Baba aliinuka kwa shida. Alitaka kusimama peke yake, akashindwa, Mzee Ndyamukama akampa mkono. Walibaki hivyo, wameshikana, kila mmoja akishangaa mkono wa mwenzake.

"Sikitaki," baba alisema.

"Nini?"

"Kibanja. Sikitaki. Nilikuwa napataka mahali hapa padogo tu, nikadhani hapawezi kuja bila chote." Akapenga kamasi kwa leso, kwa nguvu, ili tusione machozi, na sote tuliyaona. "Ningekilima na nini? Magoti haya?"

Mzee Ndyamukama aliyatazama makaburi, akaitazama migomba yake, na nilimwona akivuta pumzi ndefu. Ilikuwa ni pumzi ya mtu aliyekuwa ameshaanza kuaga.

"Wewe ukiwa mkwe wangu," alisema, "utaingia humu kwa upande wowote unaotaka. Asubuhi, jioni. Hutapiga hodi. Nikikukuta hapa nitakuletea kiti."

"Na wewe ukija kwangu," baba alisema, "ukikaa chini tena kwenye zile nyasi, nitakufukuza. Nimekuona leo nikaaibika. Nikakuacha, maana nilikuwa na ubaya moyoni."

"Miguu ilikosea."

"Iambie isikosee tena."

Mama alianza kucheka kilio, hata sijui niite nini kitu kile. Mimi nilikuwa nimeuma khanga yangu ili nisipige kelele.

Ila baba yangu ni baba yangu, na hawezi kuacha jambo liishe vizuri bila kuliwekea chumvi. "Msije mkadhani nimekubali kwamba nilitendewa haki," alisema huku akiokota fimbo. "Baba yangu alifanya kazi. Hilo nitalisema hadi naingia kaburini."

"Sijakuuliza, waitu," Mzee Ndyamukama alimjibu.

"Na mimi sijakubali kwamba kabla ya hapo kulikuwa na haki," Buberwa alisema.

Nilifumba macho. Mungu wangu, kwa nini umempa mwanamume huyu mdomo?

Baba alimtazama juu hadi chini, shati jeupe, viatu vyenye tope. "Wewe ulisema humuoi binti yangu, kwa sababu ya shamba la baba yako."

"Nilisema, mzee."

"Ungekubali kumtoa baba yako nje ili upate mke," baba alisema taratibu, "siku moja ungemtoa na yeye." Akavaa kofia yake. "Hayo mengine, ng'ombe na majembe na blanketi la mama yake, Datius atakuja tuzungumze Jumapili nyingine. Na usije na maneno mengi kama ya leo, Datius. Kichwa kinaniuma."

"Ego, mzee," Datius alisema, na akajitahidi kuishia hapo.

Wazee wawili wakaanza kuteremka mbele yetu. Walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu mkungu mmoja uliotegemezwa upande, baba akisema mti umewekwa vibaya, Mzee Ndyamukama akisema yeye ndiye mwenye shamba na anajua anavyotegemeza. Mimi na Buberwa tulibaki nyuma. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama hadi nikachoka kujizuia kutabasamu.

Huko chini Mzee Ndyamukama akateleza kwenye tope, akadakwa na baba, na wote wawili wakayumba.

"Alistidia!" baba alipiga kelele kwa hasira bila kugeuka. "Umesimama unaangalia nini? Mwambie mumeo aje amshike baba yake mkono, njia inateleza!"

Mama alisimama ghafla, kiganja mdomoni. Hata Datius aligeuka. Baba peke yake ndiye hakujua alichokisema; aliendelea kulalamikia tope.

Nikageuka kwa Buberwa.

"Mume wangu," nilisema, "unaitwa."